Mwanamke Aliyenyamaza Nikamsemea

Kwa miaka kama sita hivi nilikula kwa kutafsiri muvi. Nasema kutafsiri kwa sababu ndivyo watu walivyoita, lakini Kiingereza changu kiliishia kwenye mtihani wa kidato cha nne, na hata pale hakikufika salama. Nilichokuwa nacho ni sauti. Nilianza kwenye banda moja la video karibu na soko la Musoma, mimi na maikrofoni na kompyuta iliyopasuka kioo upande mmoja. Nilikuwa napunguza sauti ya Wazungu, naweka yangu juu yake, na watu waliokaa kwenye mabenchi wananisikiliza mimi. Baadaye nikawa narekodi chumbani kwangu. Kazi ikiisha naiweka kwenye flashi na kuipeleka kwenye maduka yanayowaingizia watu muvi kwenye simu, Musoma mjini, Bunda, Butiama, mpaka Kisorya pale wanapovukia kwenda Ukerewe.

Kila mtafsiri ana muvi zake. Wapo wa karate, wapo wa vita, wapo wa majini. Mimi watu walinijua kwa muvi za wanawake wa mitaani. Huwezi kukosea ukiziona. Mwanamke ametoka jela, au amekimbia mume, au dada yake ameuawa na hakuna anayejali. Mji ni mkubwa na mchafu, mvua inanyesha tangu mwanzo mpaka mwisho, polisi ni wabaya kuliko wezi. Mwanamke analala chini ya daraja na wembe kwenye soksi. Nilizipenda kweli, na si kwa ajili ya biashara tu. Nilikuwa nazitazama peke yangu kabla ya kurekodi, na mara nyingine nilisahau kuandika.

Shida ya muvi hizo ni kwamba wale wanawake hawasemi sana. Anakaa dirishani dakika mbili nzima anatazama barabara. Anaelekezewa bastola, anamtazama tu aliyeishika. Na kwenye banda, ukimya unakufukuzia watu. Wakianza kukohoa na kutoa simu mfukoni, ujue umewapoteza. Kwa hiyo nikajifunza kuujaza. Mwanamke akinyamaza, mimi nilisema kwa niaba yake. Nilikuwa na sauti nyembamba ya kike niliyoibana puani, na nilipoitumia hiyo watu walicheka kabla hata sijamaliza sentensi. Nikazoea kuwachekesha hapo hapo, kwenye zile sehemu ambazo mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, nilikuwa nasahau kuandika.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba moja yenye vyumba sita na ua mmoja. Chumba kilichotazamana na changu alikaa dada mmoja aliyekuwa dereva wa bodaboda. Alinizidi miaka kama minane. Baba yake alikuwa fundi cherehani Bunda mjini, mtu wa msikitini, na inasemekana alipopata habari kwamba binti yake anabeba abiria kwenye pikipiki aliacha kusema naye. Yeye aliendelea. Aliamka, akaswali, akajifunga mtandio vizuri, akavaa helmeti juu yake, akatoka. Kijiweni walikuwa wanaume watupu na yeye mmoja, na walimheshimu. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita DJ kama wengine wote.

Siku moja alirudi nyumbani kwa miguu, mchana, bila pikipiki, magoti yamechubuka na sketi imejaa vumbi jekundu. Kufika jioni habari ilikuwa imeenea. Wezi wawili walikuwa wamemwingiza kwenye kichaka njia ya Butiama wakachukua pikipiki na simu, lakini hakukubali kirahisi, alimpiga mmoja kwa helmeti mpaka damu ikamtoka. Hivyo ndivyo alivyowaambia wenzake wa kijiweni, nao walitoka kundi zima kwenda kuitafuta pikipiki. Kesho yake waliipata kwenye mtaro, mbele kumepinda, wezi wameitupa. Walirudi nayo wakipiga honi. Kwa wiki kadhaa alikuwa shujaa wao. Kuna aliyesema mbele yangu kwamba dada yule ni kama wanawake wa kwenye muvi za DJ, na mimi nikajisikia vizuri, kama vile nami nilikuwa na mchango.

Baada ya kama wiki mbili alikuja chumbani kwangu. Ilikuwa alasiri, mlango niliuacha wazi kwa sababu ya joto, na nilikuwa naangalia muvi mpya niliyotaka kuirekodi. Alisimama mlangoni akaitazama muda mrefu. Nikampa stuli.

"Wewe unawasemeaga hawa," aliniambia. "Hebu niambie. Ile nguvu wanaitoaga wapi?"

Nikamwambia ni maigizo tu, dada. Akatikisa kichwa kana kwamba sikumwelewa. Nikasimamisha muvi.

"Mimi sikumpiga mtu," akasema.

Akanieleza. Abiria alimchukua pale Makutano, kijana mdogo, hata ndevu hana, mpole. Alimwambia wachepuke kwenye njia ya vumbi, kwao ni mbele kidogo tu. Walipofika katikati ya mashamba ya mihogo akatokea mwingine na panga, akazima pikipiki yeye mwenyewe kwa mkono, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Dada alisema kwamba siku zote alikuwa anajua atakachofanya siku hiyo ikifika. Alishajipangia kichwani, mara nyingi, akiwa njiani peke yake. Atapiga, atapiga kelele, atakimbia. Siku ilipofika, magoti yalikunjika yenyewe.

"Nilipiga magoti. Nikamshika yule mdogo miguu. Mtoto yule ningeweza kuwa mama yake, nikamwita baba. Nikamwambia, baba, usinikate, mimi mwanao. Baba, hata maji uliyonawia nitakunywa." Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, pale nilipomsimamisha mwanamke wa muvi. "Nikarudia hivyo hivyo. Sijui mara ngapi. Na nilijikojolea. Yule wa panga akacheka. Akacheka kweli, akaniambia nenda. Nikaenda."

Nikamwambia pole. Nikamwambia alifanya vizuri, kwani yuko hai. Maneno hayo mtu yeyote angeyasema. Akaniomba yaishie pale, kwa sababu kijiweni wakijua hatakaa tena na wale watu. Nikamwambia yameishia hapa, dada, na nikamaanisha.

Ningeweza kusema kwamba maneno yake yalinitoka mdomoni siku moja bila kujua. Nimewahi kuwaambia watu hivyo. Si kweli. Ukweli ni kwamba wakati ananieleza, kabla hajanyanyuka kwenye stuli, sikio langu lilikuwa tayari limeyachukua. Nilikuwa nasikia yatakavyosikika kwa ile sauti nyembamba. Alipotoka, nilifungua daftari langu la kazi nikayaandika, ili nisiyasahau mpangilio wake.

Muvi niliyokuwa natazama siku ile ndiyo niliyoyaweka. Ilikuwa ya mwanamke anayeuza maua usiku kwenye taa za barabarani, kumbe anamwinda mtu aliyemuua mdogo wake. Karibu na mwisho wanamkamata, wanampigisha magoti kwenye gereji, mkubwa wao anamwekea bastola kwenye paji la uso. Kamera inakaa kwenye uso wake muda mrefu sana. Mimi nikambania sauti puani nikasema: "Baba, mimi mwanao, usiniue. Baba, hata maji uliyonawia nitakunywa." Nikaongeza na kilio kidogo. Nikaisikiliza tena kwenye spika, na nikacheka mwenyewe, peke yangu chumbani, na mlango wake ukiwa hatua nane kutoka wangu.

Siku ya kwanza kuionyesha pale bandani nilienda kukaa nyuma. Ilipofika sehemu ile watu walianguka. Mzee mwenye banda, ambaye kwa kawaida alikaa nje na tasbihi yake bila kujali kinachoonyeshwa, aliingia kuuliza kuna nini. Wakamlazimisha airudishe nyuma. Walitazama sehemu ile mara tatu kabla ya kuendelea.

Haikupita wiki mbili maneno yale yalikuwa kila mahali. Mwanafunzi aliyechelewa anamwambia mwalimu wa zamu. Mama anayeuza sato sokoni anamwambia mteja asiyetaka kuondoka bila kupunguziwa. Askari wa barabarani akimsimamisha dereva wa bodaboda, dereva anakunja mikono na kusema kwa sauti nyembamba, baba, hata maji uliyonawia nitakunywa, na askari anacheka anamwachia. Watu waliponiona barabarani walinipigia kelele hizo kwa mbali, na mimi nikapunga mkono. Siku hizo nilivaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu.

Na yeye alikuwa kijiweni. Nilijua. Nilikuwa napita pale. Mchana mmoja nilipita nikawakuta kama kumi hivi, wamekaa kwenye pikipiki zao chini ya kivuli cha duka, mmoja yuko katikati kwa magoti anaigiza, wengine wanajishika mbavu. Yeye alikuwa pembeni, helmeti mapajani. Alikuwa anacheka. Alicheka kama wenzake, kwa muda ule ule na kwa kiasi kile kile. Asingecheka wangemuuliza kwa nini. Macho yetu yakakutana, na hakuyaondoa yake mpaka mimi nilipoyaondoa yangu.

Nyumbani hakuniambia kitu. Aliendelea kunisalimia. Mimi ndiye niliyeanza kutoka chumbani baada ya kusikia pikipiki yake imeondoka, na kuchota maji wakati yeye hayupo. Nilijiambia kwamba labda hajali. Watu wana mambo mengi.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja nilikuwa na flashi za kupeleka Butiama, na nikiwa nasubiri usafiri akaja akasimama mbele yangu.

"Panda, DJ. Naenda huko huko."

Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka. Nikapanda. Upepo wa ziwa tukauacha nyuma, tukapita Makutano, tukashika barabara ya Butiama. Mbele kidogo akapunguza mwendo, akachepuka kwenye njia ya vumbi, na nikajua tulipo kabla hajazima pikipiki. Mihogo ilikuwa imevunwa upande mmoja. Kulikuwa na mama anapalilia mbali kidogo, ameinama, hakutuangalia.

"Ni hapa," akasema. Hakushuka. Alivua helmeti tu. "Yale maneno uliyatoa wapi?"

Nikamwambia ndivyo alivyosema yule mwanamke kwenye muvi. Nilisema hivyo. Hapo hapo mahali pale, nikiwa nimekaa nyuma yake, nilisema hivyo.

"Muvi ile niliitafuta isiyo na sauti yako," akasema. "Nimeitazama mara tatu. Yule mwanamke hakusema kitu, DJ. Alinyamaza. Anamtazama tu mpaka yule mtu mkono unamtetemeka. Kama ungemwacha, watu wangemwona."

Nikashuka kwenye pikipiki. Sikuwa na pa kuangalia. Nikamwambia, dada, nisamehe, sikudhani ungejua, hakuna anayejua ni yako, sikutaja mtu. Nilitoa kila kitu nilichokuwa nacho, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyosikia jinsi kilivyo kidogo.

"Mimi najua ni yangu," akasema. "Kila siku najua. Wakianza kucheka nasikia kicheko cha yule wa panga, ni kile kile. Nilidhani nilikiacha hapa."

Akapangusa vumbi kwenye helmeti kwa kiganja.

"Na kingine nikuambie. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kwa yale maneno. Ndiyo maana nilikuja kwako. Lakini nilipoanza kukaa nayo mwenyewe nikaona, haya ndiyo yalinirudisha nyumbani. Sikuwa na wembe kwenye soksi. Nilikuwa na yale tu. Nikaanza hata kuyaheshimu. Ndipo nikayasikia kwenye spika."

Alivaa helmeti. Nilidhani ataniacha pale, na nilitaka aniache, ingenisaidia. Lakini alisema, "Panda, flashi zako zinakusubiri," akanifikisha Butiama mpaka mlango wa duka, akageuza, akaondoka. Flashi sikuzitoa mfukoni. Nilikaa kwenye ngazi za lile duka mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama naumwa.

Wiki iliyofuata nilianza kuzunguka kuifuta ile muvi. Ilikuwa kazi ya kijinga lakini sikujua nyingine. Nilianza na banda la mzee. Alinisikiliza, hakuuliza mengi, akaniambia ifute. Kwenye maduka ya mjini Musoma wengine walikubali, wengine walifuta mbele yangu na nilijua wana nakala nyingine. Bunda mwenye duka mmoja alidhani ni mbinu ya biashara, akaniuliza kama natengeneza ya pili. Kisorya nilimkuta mtu wa duka ameshaikata ile sehemu peke yake, sekunde kumi na chache, anawawekea watu kama mlio wa simu. Nilimwomba aifute. Akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, hii iko Ukerewe tayari. Iko Mwanza. Utavuka kwenda kufuta huko kote?"

Pale kivukoni, simu ya mtu fulani iliita kwa sauti yangu. Mwenye simu hakunijua. Alikuwa mwanamume mzima na mzigo wa dagaa, akaacha iite kwa muda kwa sababu wenzake walikuwa wanafurahia.

Nikairekodi upya. Safari hii nilimtafuta mwalimu mmoja wa sekondari anayejua Kiingereza, mwanamke, akanisaidia neno kwa neno, na nikagundua ni mambo mangapi kwenye muvi zangu zote nilikuwa nimeyatunga. Wanawake waliokuwa wanahesabu watoto wao waliokufa nilikuwa nimewapa mizaha ya vitumbua. Ile sehemu ya gereji niliiacha kama ilivyo. Hakuna sauti, yeye anatazama tu. Nilipoipeleka bandani watu walivumilia mpaka hapo, kisha mmoja akapiga kelele kwamba spika zimekufa. Wakati bado ananyamaza, nusu yao walikuwa wameisemea wenyewe, kwa pamoja, yale maneno, wakicheka. Wakati huo nilikuwa nimesimama nyuma na mzee mwenye banda. Akanigusa bega, akatoka nje.

Niliacha kutafsiri mwaka huo. Sikuacha kwa heshima, sikumtangazia mtu, niliacha tu kuleta kazi mpya na hakukuwa na aliyenitafuta sana, wakaja wengine wenye sauti zao. Sasa natengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Watu wakija na simu zilizojaa muvi za DJ huwa nashusha sauti kabla ya kufungua kitu chochote. Bado naogopa kuisikia.

Yeye alihama kabla yangu. Alirudi Bunda, kwenye nyumba ya baba yake aliyekuwa amezeeka na kuanza kusema naye tena, na akapata kijiwe kingine. Nilikuwa nasikia habari zake kwa watu: kwamba ana pikipiki ya pili aliyompa dada mwingine aendeshe, kwamba anawafundisha mabinti wawili watatu, kwamba kitu cha kwanza anachowafundisha si gia bali ni abiria wa kumkataa.

Mwaka jana nilienda Bunda kununua vipuri nikaamua kumtafuta. Haikuwa vigumu. Nilimkuta ameegesha mbele ya duka la vitambaa, amenenepa kidogo, mtandio wa kijani. Binti mmoja alikuwa juu ya pikipiki anajifunza kusimama kwenye mteremko, na yeye ameshika nyuma.

Nikamsalimia. Akaitikia. Akamwambia binti apumzike, tukasogea kando ya ukuta. Nikamweleza kwamba nataka kuandika mambo haya, niandike nilichofanya, bila jina lake na bila jina langu. Nilikuwa nimejiandaa aseme hapana, na kwa kweli upande mmoja wa moyo wangu ulitumaini aseme hapana.

Alifikiri. "Utaandika na kwamba nilijikojolea?"

Nikamwambia asipotaka sitaandika.

"Andika. Ukiliondoa hilo utaweka lako." Alimtazama binti, ambaye alikuwa anajaribu kushusha stendi kwa mguu na haishuki. "Lakini usije ukadhani ukishaandika tumemalizana. Mimi sijakusamehe. Sikuchukii, na siombi ubaya kwako. Ila sijakusamehe, na sitaki uandike kwamba nimekusamehe ili hadithi yako iishe vizuri."

Nikamwambia sawa, dada.

"Siku nikikusamehe nitakupigia simu."

Akaichukua namba yangu, akaiandika kwenye simu yake polepole akiirudia kwa sauti ili asikosee, akarudi kwa mwanafunzi wake. Nilisimama kidogo nikiwatazama. Binti aliwasha, pikipiki ikaruka mbele na kuzima, yeye akamwambia kitu nisichokisikia, na binti akawasha tena. Nikaenda kutafuta vipuri vyangu.